Mpaka Niweze Mwenyewe

Magomeni, Dar es Salaam
12 Machi 2023

Dada Fatuma,

Shikamoo. Salamu nyingine zote atakufikishia Bakili kwa mdomo, maana kusalimia anajua kuliko mimi. Nimemwomba awe anatubebea barua kila anapokuja Kariakoo kufungasha mzigo wa duka lake la huko Kivinje, kasema hamna shida. Usinicheke kwa kuandika barua zama hizi. Simu mnayo moja, na shemeji Mwinyimvua akipokea anaweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia salamu. Haya yangu si ya majirani.

Mwanaidi amefika salama? Huku hakulia. Alinibusu mkono kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa, akatoka na Bakili bila kugeuka.

Najua kuna watakaokwambia nimemtupa. Sikiliza kwanza. Tangu ile bodaboda inigonge pale Msimbazi na mgongo ukavunjika, miguu yangu ni kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Abbasi alivumilia kidogo, halafu akasema anaenda Tunduma kutafuta maisha, ndiyo ikawa moja kwa moja. Nikabaki na mtoto. Dada, Mwanaidi ana miaka minane. Ndiye aliyekuwa anamwaga mfuko wangu wa mkojo, anateka maji, ananigeuza. Akinibadilisha pampasi anaangalia ukutani ili nisione haya. Shuleni anafika kengele imeshapigwa, anachapwa, na hasemi kwa nini amechelewa.

Juzi juzi mwalimu wake alikuja kuuliza. Nilikuwa kitandani, nikamsikia Mwanaidi mlangoni: "Mama amelala, ana homa kidogo. Kesho nitawahi." Alisema kwa sauti ya mtu mzima, dada. Sauti ya mama wa mtu. Siku ile ndiyo nikaamua.

Sikumzaa aje aniuguze. Unikalie naye mpaka niweze mwenyewe: kuamka, kuoga, kupika, kula kwa jasho langu. Nikiweza, nitamwita arudi awe mtoto. Mwambie hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Kuruthumu


Kilwa Kivinje
9 Aprili 2023

Mdogo wangu Kuruthumu,

Marahaba. Mtoto amefika, ni mzima, anakula. Shule tumempeleka, na madrasa jioni. Wiki ya kwanza ilinitia simanzi. Nilitoka uani alfajiri nikamkuta amebeba beseni, anazunguka nalo, anatafuta pa kumwaga. Ndani ya beseni hamna kitu. Nikamwambia, "Mwanaidi, huku hakuna cha kumwaga." Akaliweka chini, akasimama tu, kama hajui mikono yake aifanyie nini.

Sasa nikuseme kidogo kama dada yako. Dar unang'ang'ania nini? Mume hayupo, kazi hamna, miguu hamna. Nyumba ya baba ipo. Kile chumba cha uani tutakifagia, tutakipaka chokaa. Mimi Mungu hakunipa wangu, nina muda. Njoo uuguzwe na watu wako. Au kuna jambo huniambii? Wanawake wa huku wanasema mwanamke hakai peke yake Dar bure, lazima kuna mtu.

Shemeji yako anakusalimu.

Dada yako,
Fatuma


Magomeni
20 Agosti 2023

Dada Fatuma,

Shikamoo. Mtu yupo, ndiyo. Anaitwa Violeth, anatoka Masasi, amepanga chumba cha pili kutoka changu. Ni fundi nguo pale soko la Mchikichini na ana mdomo mkali kuliko mkasi wake. Waambie hao wanawake.

Kivinje siji. Chumba cha uani baba alikuwa anafugia kuku, lakini si sababu. Nikija huko nitakuwa mgonjwa wa watu. Mtanitoa barazani asubuhi, mtaniingiza jioni, kama mkeka. Kila mtu atakuwa mwema kwangu mpaka nife.

Huku hakuna mwema, na hilo limenisaidia. Violeth aliniletea ubao laini, akauegesha kati ya kitanda na kiti cha magurudumu, akaniambia, "Teleza." Nikamwambia nishike basi. Akasema, "Kwani usiku ukitaka kutoka nitakuwepo?" Akaenda zake kazini. Nilianguka. Nilikaa sakafuni mpaka mchana, nalia, natukana, hamna aliyenisikia kwa sababu ya redio ya jirani. Halafu nikajivuta kwa viwiko, nikapanda. Dada, nilipanda mwenyewe!

Choo cha uani kina kizingiti. Mama mwenye nyumba alikataa kukivunja, akasema wapangaji wengine maji yatawaingilia. Basi Violeth akachanganya saruji kwenye karai, akamwaga mteremko mama huyo akiwa msibani. Aliporudi alifoka, lakini saruji imeshakauka. Sasa naingia chooni kwa kiti changu, naoga, nafua. Mfuko namwaga mwenyewe. Napikia chini, kwenye mkeka. Mwanzoni niliunguza. Siku moja nilinusa nyama inaungua, nikasema moyoni kuna jirani amepata kitoweo. Ilikuwa mguu wangu, umegusa jiko. Sikuhisi kitu. Umepona, limebaki kovu. Siku hizi kabla sijawasha moto natazama kwanza miguu ilipo, kama mtu anavyotazama watoto wake.

Na nimepata kazi. Violeth ana cherehani ya zamani ya mkono, kanipa. Nakaa kando yake pale Mchikichini kwenye mkeka, watu wakinunua suruali za mitumba nawapunguzia palepale. Gurudumu nazungusha kwa mkono wa kulia, nguo naongoza kwa wa kushoto. Mshono wangu unanyooka kuliko wa wengi wenye miguu miwili.

Mwambie Mwanaidi mama yake anaoga mwenyewe. Mwambie na mfuko anamwaga mwenyewe. Umwambie kwa kituo, asidhani ni hadithi.

Mdogo wako,
Kuruthumu


Kilwa Kivinje
1 Oktoba 2023

Kuruthumu,

Salamu sina. Bakili alipita Mchikichini kukutazama na kukupa samaki wakavu niliowafunga kwa mikono yangu. Kakuona kabla hajakufikia. Anasema ulikuwa umekaa chini, huna cherehani wala nguo, watu wanapita. Mtu mmoja akakudondoshea sarafu mapajani. Ukaiokota. Bakili akaona haya kukusogelea, samaki karudi nao.

Hiyo ndiyo kazi? Mtoto wa Mzee Sadalla, aliyekuwa anagawa futari kwa mtaa mzima, anaomba sokoni? Bakili hakusemea chumbani, alisemea barazani, na Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele pale pale. Shemeji yako hajaenda kwenye bao siku ya pili leo.

Kama shida imekufikisha hapo, sema. Usinidanganye kwa barua nzuri.

Fatuma


Magomeni
15 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo hata kama hutaki kuipokea.

Mpini wa cherehani ulivunjika. Violeth aliupeleka kuchomelewa, mimi nikabaki kushika nafasi, maana Mchikichini ukiondoka dakika tano unakuta mtu ametandika viatu vyake mahali pako. Bakili angevuta subira angeniona nashona. Lakini macho ya watu ndivyo yalivyo. Mlemavu akiwa chini, hamna anayeuliza kama ana kazi. Wanarusha.

Niliiokota, ndiyo. Zamani nilikuwa narudisha. Mama mmoja nilimwita, "Mama, chukua hela yako, mimi ni fundi," akakasirika, akaniambia nina kiburi na ndiyo maana Mungu amenikalisha. Tangu hapo naokota, nanyamaza, nashona. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kinachoniuma si wewe wala shemeji. Ni kwamba Mwanaidi alisikia. Mwambie, tafadhali. Na shule zikifunga Desemba, nataka aje aone kwa macho yake. Nimemnunulia kitanda chake, kidogo, cha mbao, nimekishonea na foronya. Nimeweka pazia katikati ya chumba ili awe na upande wake. Mlete wewe, au aje na Bakili. Sitamtuma hata kikombe cha maji, wallahi.

Kuruthumu


Kilwa Kivinje
10 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba, na ya Bakili tuyaache, nimemsema mpaka kaona haya. Nimekosa mimi pia kuamini upesi.

Mwanaidi ana tetekuwanga. Si kali, lakini njiani ataambukiza basi zima. Tungoje likizo nyingine. Anakusalimu sana.

Dada yako,
Fatuma


Kilwa Kivinje
26 Mei 2024

Mdogo wangu Kuruthumu,

Najua umengoja. Mvua za mwaka huu umezisikia, barabara yetu ilikatika, magari yakalala njiani. Sasa wanasema inapitika lakini naogopa kumpandisha mtoto gari. Halafu mitihani nayo ipo karibu. Usinichoke.

Fatuma


Magomeni
16 Juni 2024

Dada Fatuma,

Nimekuchoka.

Bakili amekuja mara mbili tangu barabara ifunguliwe, amepita na mabasi hayo hayo unayoyaogopa. Nimemuuliza kuhusu tetekuwanga, akashangaa: "Tetekuwanga ipi?" Nimemuuliza mtoto anakuitaje. Akajikuna kichwa, akasema siku hizi anakuita mama. Si mama mkubwa. Mama.

Uliandika Mungu hakukupa wako. Sikujua kuwa utajipa wangu. Mimi nimejiburuta sakafuni kwa ajili ya nani? Nimejifunza kupanda kiti, kupika, kushona, nimekubali kurushiwa sarafu, kwa ajili ya nani? Mwanzoni mwa mwaka nimepata hadi kazi ya sare za shule, nashona kutwa siinuki, ili akija akute nyumba inayoeleweka. Kitanda chake kipo. Kila Ijumaa nafua mashuka ambayo hajayalalia mtu.

Sema ukweli, hata kama utaniua. Usinipambie, usinifiche tena. Kama humleti, nitakuja kumchukua mwenyewe, hata kwa kubebwa mgongoni.

Kuruthumu


Kilwa Kivinje
7 Julai 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimekuwa wa nne darasani. Mama mkubwa amesema niandike mwenyewe na yeye hatasoma, ametoka kabisa yuko nje anachambua mboga.

Mama, usimgombeze. Sikuumwa tetekuwanga. Nilimwambia sitaki kuja, nikalia sana, ndipo akaandika vile. Si yeye anayekataa. Ni mimi.

Mama mkubwa ameniambia unaoga mwenyewe na unamwaga mfuko mwenyewe. Nimefurahi. Lakini siku ukiumwa nani atamwaga? Na dada Violeth akisafiri? Nikisikia harufu ya spiriti tumbo linaniuma, hata ya zahanati ya huku. Kule nilikuwa silali vizuri kwa sababu lazima nisikilize kama unapumua. Ukinyamaza nilikuwa nakugusa. Huku nalala mpaka mama mkubwa ananiamsha.

Mimi nakupenda mama. Kila swala nakuombea upate miguu. Sipendi ujiburute. Ukisema nije nitakuja, na sitalia.

Mwanao,
Mwanaidi


Magomeni
22 Septemba 2024

Dada Fatuma,

Shikamoo. Nisamehe kwa barua yangu ile. Ya mtoto niliipata, na kama nimechelewa kujibu si kwa hasira. Naandika nimelala kifudifudi, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.

Ni zile sare. Nilikaa juu ya mkeka kutwa, wiki baada ya wiki, nikasahau kujiinua. Hospitali walinifundisha: kila mara jiinue kwa mikono, nyama ipumue. Wenye miguu mnajigeuza bila kujua. Mimi ni mpaka nikumbuke, na nikiwa nashona sikumbuki. Hakuna maumivu ya kunikumbusha. Violeth ndiye aliyeona gauni langu limelowa nyuma. Akanilaza, akatazama, akanyamaza. Violeth akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Kidonda kimefika kwenye mfupa, dada. Hospitali wamenikata nyama iliyooza, wakanirudisha nyumbani, kinasafishwa kila siku. Nimemuuliza daktari nitakaa lini. Akasema, "Mama, tuombe kwanza kisipande." Nikamuuliza tena. Akaanza kuandika kwenye faili.

Siwezi kuoga mwenyewe. Siwezi kupika. Mfuko umerudi mikononi mwa watu, anamwaga Violeth akitoka kazini, na mchana kuna mama mmoja wa Buguruni anayenigeuza. Huyo ndiye anayejilaza kwenye kitanda cha Mwanaidi. Cherehani nimemrudishia Violeth. Alikataa kuipokea, nikamwambia itaota kutu. Sasa amempa msichana mwingine, anakaa pale pale nilipokuwa nakaa mimi.

Nataka ujue jambo hili, kwa sababu wewe ndiye uliyebaki wa kuambiwa. Barua ya mtoto ilinikuta nimeshalala hivi. Pale aliposema "ukisema nije nitakuja," nilitaka kuandika neno moja: njoo. Nilijua atakuja. Nilijua hatalia, kama alivyosema. Angeingia hapa, angeshika beseni bila kuambiwa. Nililitaka neno hilo kama mwenye homa anavyotaka maji ya baridi. Siku nyingi, dada, si moja. Nilikuwa nasema moyoni, ni mwanangu, kwani nimemzaa wa nini?

Humu ndani nimefunga barua yake. Mpe aisome mwenyewe, kisha usiongeze neno. Bakili hajui kitu, Violeth alimwambia mlangoni kuwa niko kazini. Wewe usiende kulia mbele ya mtoto. Na uniandikie alivyoipokea, kama ilivyokuwa. Nilikwambia usinifiche, na bado ndilo ninalokuomba.

Mdogo wako,
Kuruthumu


Magomeni
22 Septemba 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba mama. Wa nne! Nimemwonyesha dada Violeth, kasema wewe una kichwa cha kwao Masasi, nikamwambia una kichwa cha kwangu.

Sijakasirika hata kidogo. Umefanya vizuri kuniambia. Hata mimi nilitaka kukwambia usije kwa sasa, nikawa naona aibu kuanza. Kazi zimenizidi. Wateja ni wengi, chumba kimejaa vitambaa mpaka juu ya kitanda chako, hata pa kulala hutapata. Kaa hapo hapo mpaka umalize la saba. Mama mkubwa mwite mama kama unavyopenda. Hilo nimekuruhusu, wala usione unanikosea.

Usiombe tena nipate miguu. Niombee kazi.

Na usiwe unasikiliza. Mimi napumua vizuri. Lala.

Mama yako


Kilwa Kivinje
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Kuruthumu,

Nimeisoma barua yako uani, nimekaa juu ya kinu, mpaka ubwabwa ukaungua. Nilimwomba shemeji yako ruhusa nije nikuuguze. Akasema, "Na mtoto abaki na nani?" Nimemwomba tena, kaenda zake kwenye bao. Nimemfungia Bakili nazi, mchele na asali ya kupaka kidonda, wanasema inasaidia. Mwambie huyo mama wa Buguruni aweke mkono mwepesi.

Umeniagiza nikueleze kama ilivyokuwa. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri nikitafuta namna ya kukupambia, sikuipata, na uliniomba nisipambe.

Nilimpa barua alipotoka shule. Aliisoma akiwa amesimama, begi bado mgongoni, midomo inatembea. Alipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo siendi?"

Nikamwambia, "Huendi."

Akasema, "Mama amepona, basi."

Sikuongeza neno, kama ulivyosema. Akaikunja barua, akanipa nimtunzie, akavua viatu vya shule. Wenzake walikuwa wanamwita nje wacheze rede. Alikimbia, Kuruthumu. Tangu aje kwangu sijawahi kumwona akikimbia vile. Nilimsikia akicheka mpaka adhana ya magharibi.

Dada yako,
Fatuma